Mwanga kwenda mwendo wa bodaboda: ni kitu gani hasa kilichopunguzwa kasi?

"Mimi ni fundi wa faiba hapa Mbale. Kazi yangu ni kuunganisha na kupima laini, mara nyingi upande wa Tororo. Juzi niliona video inasema kuna mwanasayansi Marekani aliyepunguza kasi ya mwanga ndani ya mvuke wa sodiamu hadi mita 17 kwa sekunde, na baadaye wakausimamisha kabisa. Shuleni tulifundishwa kwamba kasi ya mwanga haibadiliki. Mwenzangu kazini anasema ni jambo rahisi: atomu inameza mwanga, inakaa nao kidogo, inautema, inayofuata nayo inafanya hivyo hivyo, kama wachezaji wanaopasiana mpira. Ni kweli? Na kama ni kweli, kwa nini tusiweke mvuke huo kwenye laini, data ikahifadhiwa ndani ya mwanga wenyewe badala ya kununua ruta za bei kubwa? La mwisho, naomba usinicheke: nina leza ya kijani niliyonunua Kampala, na nasikia sodiamu iko kwenye chumvi. Naweza kujaribu nyumbani?"

Ndugu fundi, hakuna cha kuchekwa hapa. Maswali kama haya huletwa na wanafunzi wa fizikia wa chuo kikuu, na wengi wao hawajawahi kushika OTDR, mashine ya kupima laini kwa kutuma mmweko wa mwanga. Wewe umewazidi hapo, maana jambo linalokutatiza unalitumia kazini kila siku.

Ukiwasha OTDR, mashine inakutaka uweke namba ya IOR, yaani namba ya mpindo, inayoonyesha mwanga unapungua kasi mara ngapi ndani ya kioo. Unaandika 1.468 au namba iliyo karibu na hiyo, kadiri mtengenezaji wa kebo alivyoelekeza. Sasa fungua kitabu chochote cha fizikia ya kioo. Utakuta kwamba silika, ambayo ndiyo mwili wa faiba, ule uzi wa kioo unaobeba data kwa mwanga, ina namba ya mpindo ya 1.444 hivi kwa mwanga wa nanomita 1550. Namba hizo mbili hazilingani, na hakuna aliyekosea. Ukiamua kufuata kitabu, ukaweka 1.444 kwenye laini iliyokatika kilomita 20 kutoka ulipo, mashine itakupeleka zaidi ya mita 300 mbele ya mahali penyewe, na vijana watachimba mtaro bure. Namba ya kitabu inahusu mwendo wa kila wimbi ndani ya kioo. Namba ya OTDR inahusu mwendo wa mpigo, yaani ule mmweko mfupi unaotumwa, ukagonga mkato na kurudi. Mwanga una kasi hizo mbili ndani ya kitu chochote, na habari yote ya mita 17 kwa sekunde ni habari ya kasi ya pili.

Mwalimu wako hakukudanganya, alifupisha tu. Kisichobadilika ni kasi ya mwanga penye ombwe, yaani mahali pasipo na kitu chochote, hata hewa: mita 299,792,458 kwa sekunde. Tangu 1983 namba hiyo ndiyo inayofafanua mita yenyewe ni ndefu kiasi gani. Ndani ya maji mwanga huenda kama kilomita 225,000 kwa sekunde, na mpigo ndani ya faiba yako kama 204,000. Kwa hiyo mwanga uliopunguzwa kasi umeushughulikia tangu siku ya kwanza uliyoajiriwa. Kinachoshangaza katika video ni kiasi cha kupungua, siyo kupungua kwenyewe.

Sasa kwa nini mpigo uwe na kasi yake? Kwa sababu hakuna mpigo wa rangi moja tu. Ukitaka mwanga uwake na kuzimika haraka, ni lazima uchanganye masafa mengi yaliyokaribiana (kila rangi ina masafa yake, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde). Mahali ambapo mawimbi yote hayo yanapanda pamoja ndipo penye kilele cha mpigo. Kwingine yanapingana na kufutana. Kitu ambacho mwanga unapita ndani yake kikiyachelewesha masafa yote kwa kipimo kimoja, kilele kinasafiri pamoja na mawimbi. Lakini kikiyachelewesha haya zaidi kidogo kuliko yale, mahali pa kukutania panasogea, na kilele kinabaki nyuma ya mawimbi yanayokiunda. Kwa hesabu: chukua namba ya mpindo, ongeza masafa ya mwanga yaliyozidishwa kwa kiwango ambacho namba hiyo inabadilika masafa yanapobadilika. Jibu ndilo unaloandika kwenye OTDR. Masafa ya mwanga wa njano ni zaidi ya hezi trilioni 500, kwa hiyo mabadiliko madogo mno ya namba ya mpindo, yakitokea ndani ya upana mdogo wa masafa, huzidishwa na namba hiyo kubwa na kuleta uchelewaji wa ajabu.

Katika jaribio unalolisema, namba ya mpigo, yaani ile ya aina ya OTDR, ilifika kama milioni 17.6. Ukirudi nyuma kwa hesabu ile ile, utaona kwamba namba ya mpindo ilikuwa inabadilika kama sehemu tatu au nne tu katika elfu kwa kila kilohezi 100. Katikati ya yote hayo namba yenyewe ilikuwa 1, sawa na ombwe. Kila wimbi peke yake lilikuwa linakwenda karibu kwa kasi yake kamili, huku kilele cha mpigo kikitambaa kwa kilomita 61 kwa saa, mwendo wa bodaboda aliyepata barabara tupu.

Hapo mpira wa kupasiana wa mwenzako unaanguka. Nausikia mara nyingi, hata kwa walimu, na ubaya wake ni kwamba unaridhisha. Atomu ya sodiamu ikimeza mwanga kwelikweli, hukaa nao kwa wastani wa nanosekunde 16, kisha huutoa kuelekea upande wowote, kwa wakati wowote. Mpigo ukipita katika umati wa atomu za namna hiyo, mwanga utatawanyika pande zote na kuupa mvuke mng'ao wa njano. Upande wa pili hakitatoka kitu chenye umbo la mpigo. Katika kioo mambo ni mengine kabisa: wimbi linapita likizitikisa elektroni, elektroni zikitikisika zinatoa mawimbi madogo ya masafa yale yale, na jumla ya wimbi la asili na hayo madogo ni wimbi linaloonekana limechelewa. Hakuna anayemeza, hakuna anayetema. Katika mvuke wa video yako, mwanga unachelewa sana kwa sababu atomu zimezuiwa kuumeza, na sehemu hii inahitaji subira kidogo.

Chukua atomu yenye ngazi tatu za nishati: mbili za chini zilizokaribiana, na moja ya juu. Sodiamu na rubidi, metali ya jamii moja nayo, zinazo ngazi za namna hiyo. Elektroni inakaa ngazi ya kwanza ya chini. Unapeleka mwali dhaifu wenye masafa yanayofaa kabisa kuipandisha hadi ngazi ya juu. Tuuite mwali wa ujumbe. Ukiwa peke yake unamezwa wote, na mvuke unakuwa kama ukuta. Sasa ongeza leza ya pili yenye nguvu zaidi, inayounganisha ngazi ya pili ya chini na ile ile ya juu. Hii ndiyo leza ya kudhibiti. Kuanzia hapo elektroni ina njia mbili za kufika juu: moja kwa moja, au kwa kuzunguka kupitia ngazi ya pili. Katika fizikia ya kwanta, ile ya vitu vidogo kama atomu, njia mbili kama hizo hujumlishwa kama mawimbi, na hapa zinakuja na alama zilizo kinyume. Ni sawa na watu wawili wanaosukuma bembea moja kwa nguvu sawa, mmoja mbele na mwingine nyuma: wote wanatoka jasho, bembea imesimama. Elektroni haipandi. Inatulia katika mchanganyiko wa ngazi mbili za chini, na wataalamu huita hali hiyo hali ya giza kwa sababu atomu iliyo humo haiwaki.

Hali ya giza ilionekana kwanza Pisa, Italia, 1976, Alzetta, Gozzini na wenzao walipoona mistari myeusi katikati ya mng'ao wa mvuke wa sodiamu. Stephen Harris wa Stanford na wanafunzi wake waliigeuza kuwa chombo. 1991 walionyesha mvuke wa strontiamu uliokuwa umeziba ukipitisha mwanga mara leza ya pili ilipowashwa. Ukitafuta habari zaidi, tafuta herufi EIT (electromagnetically induced transparency, yaani uwazi unaoletwa na mwanga mwingine). Na huo uwazi ni dirisha jembamba mno la masafa lililotobolewa katikati ya ukuta wa kumeza. Kanuni za mawimbi haziruhusu umezaji ubadilike ghafla bila namba ya mpindo nayo kubadilika ghafla mahali pale pale. Hivyo ndani ya dirisha namba ya mpindo inapanda kwa mwinuko mkali, na huo ndio mwinuko wa hesabu yetu ya juu. Ukipunguza nguvu ya leza ya kudhibiti, dirisha linazidi kuwa jembamba, mwinuko unazidi kuwa mkali, mpigo unazidi kuchelewa. Kasi ya mwanga inakuwa kitu cha kurekebisha kwa kitufe.

Kundi la Harris lilikuwa limefika mara 165 chini ya kasi ya ombwe mwaka 1995, katika mvuke wa metali ya risasi. Kisha 1999 Lene Hau, mwanafizikia wa Denmark anayefanya kazi Marekani, akishirikiana na Harris, alitumia wingu la sodiamu lililopozwa hadi chini ya nusu ya sehemu ya milioni ya digrii juu ya sifuri halisi, baridi ya mwisho iwezekanayo. Wingu hilo lilikuwa na urefu wa milimita 0.229. Katika kipimo kimoja, mpigo ulichelewa ndani yake kwa mikrosekunde 7.05, gawanya mwenyewe utapata mita 32.5 kwa sekunde. Walipolipoza zaidi wakafika 17. Watu walidhani baridi ndiyo siri, lakini mwaka huo huo kundi la Texas lilipata mita 90 kwa sekunde katika rubidi yenye joto, na kundi la Berkeley mita 8 katika chupa ya rubidi ambayo kuta zake zilipakwa nta. Baridi ilisaidia kupata atomu nyingi zilizotulia mahali padogo. Mwendo mdogo unatokana na dirisha.

Kuhusu Einstein, usiwe na wasiwasi. Wanafizikia Sommerfeld na Brillouin walilimaliza suala hili mwaka 1914: ukiwasha mwanga ghafla, ncha ya kwanza kabisa ya wimbi husafiri kwa kasi ya ombwe ndani ya kitu chochote, kwa sababu atomu bado hazijapata nafasi ya kuitikia. Kikomo cha Einstein kinazuia habari kwenda haraka kuliko hapo. Hakisemi lolote juu ya kuchelewa.

Kuna jambo ambalo video nyingi hulipita. Mpigo wa mikrosekunde 2.5 ukiwa hewani una urefu wa mita 750. Ukiingia kwenye wingu la mita 17 kwa sekunde, mbele yake inapunguza mwendo wakati nyuma bado inakuja kasi, na wote unajibana kwenye milimita 0.04. Ungetarajia mwanga uliobanwa hivyo uwe mkali kupita kiasi. Haiwi hivyo. Karibu nishati yote ya mpigo inahamia kwenye leza ya kudhibiti na kuondoka nayo, na kinachobaki ndani ni mpangilio wa atomu, kila moja katika mchanganyiko wake wa ngazi mbili za chini, ukifuata umbo la mpigo. Kinachotambaa kwa mwendo wa bodaboda ni mwanga kidogo na atomu nyingi zikiwa zimeshikana.

Ndiyo maana mwanga unaweza "kusimamishwa". Mpigo ukiwa wote ndani, unazima leza ya kudhibiti taratibu. Sehemu ya mwanga inaisha kabisa, sehemu ya atomu inabaki. Ukiiwasha tena, mpangilio wa atomu unaunda upya mpigo ule ule, nao unaendelea na safari. Kundi la Hau na kundi la Harvard la Lukin na Walsworth walifanya hivyo 2001, kwa muda usiozidi milisekunde moja. 2013 huko Darmstadt, Ujerumani, walishikilia kwa dakika nzima, ndani ya fuwele yenye praseodimi. Kwa hiyo unaposikia mwanga umesimama, elewa kwamba mwanga haupo. Ipo kumbukumbu yake. Kwangu mimi hilo ni la ajabu zaidi kuliko kichwa cha habari.

Sasa faiba na ruta zako. Wazo lako si la kitoto. Kampuni na vyuo vikubwa vilitumia miaka mingi vikilifuata. Kinacholiua ni wembamba ule ule unaoleta uchelewaji. Dirisha la EIT mara nyingi halifiki hata megahezi moja. Chaneli ya gigabiti 10 kwa sekunde inahitaji upana wa kama gigahezi 10, mara elfu kumi zaidi. Ukipanua dirisha ili data ipite, mwinuko unalala na mpigo hauchelewi tena. Hakuna ujanja wa kupata vyote viwili katika wingu moja dogo. Pia rangi hazipatani: sodiamu inataka nanomita 589, rubidi 780 au 795, na laini zako ziko 1310 na 1550. Mwaka 2005 watu wa Lausanne na wa Cornell walifanikiwa kuchelewesha mipigo ndani ya faiba ya kawaida kwa kutumia mtawanyiko wa Brillouin (mwanga kugonga mawimbi ya sauti ndani ya kioo), lakini uchelewaji ni wa nanosekunde, karibu sawa na urefu wa mpigo wenyewe. Hiyo ni biti moja, labda mbili.

Wakati huo huo, kule stoo kwenu kuna ngoma ya faiba ya kilomita 10. Pitisha mwanga humo: unachelewa mikrosekunde 49, karibu mara saba ya jaribio la 1999, kwa rangi zote za 1550 pamoja, upotevu ni desibeli 2 tu, na hakuna wa kupoza kitu. Kama shida yako ni kuchelewesha, chombo unacho. Na kusema kweli, wateja wa Uganda hawalii kwamba mwanga unawahi. Kutoka Kampala hadi nyaya za baharini Mombasa, ukifuata barabara, ni takriban kilomita 1,150, na kila kilomita inakula mikrosekunde 4.9, tayari tunadaiwa kama milisekunde 5.6 kwenda tu kabla ya data kugusa bahari. Isitoshe, ruta haishiki data tu. Inasoma anwani na kuamua pakiti ielekee wapi, na wingu la atomu halisomi anwani. Akitokea mtu anakuuzia kifaa cha "mwanga wa polepole" cha kuongeza kasi ya intaneti yako, mwonyeshe mlango.

Mahali ambapo hali ya giza imekwisha kuingia kazini ni kwenye saa, na huenda hili likakugusa zaidi. Ngazi mbili za chini za rubidi zimetenganishwa na gigahezi 6.8, na saa za rubidi zinazotumika kwenye mitandao ya simu huegemea masafa hayo ili mnara usipoteze wakati ishara ya GPS ikikatika. Saa za atomu ndogo za kushika mkononi, zinazouzwa tangu 2011, zinatumia hali ya giza yenyewe: leza moja inatengeneza masafa mawili, na mwanga unaopita siziamu unapanda ghafla pale tofauti ya masafa hayo inapolingana na ngazi za atomu. Vipimo vya nguvu ya sumaku vinatumia ujanja huo huo.

Harris mwenyewe hakuanza akitafuta mwanga wa polepole. Alitafuta namna ya kuufanya mwanga uutende mwanga mwenzake, na leza yako ya kijani inatoka katika ukoo huo. Kwa kawaida miali miwili ikipishana hakuna unaomjua mwenzake; washa tochi mbili uone. Lakini mwanga ukiwa mkali vya kutosha, elektroni hazitikisiki tena kwa uaminifu, zinaongeza masafa ambayo hayakuwepo. 1961 Peter Franken na wenzake Michigan walipiga fuwele ya kwazi kwa leza nyekundu ya nanomita 694.3, wakapata kidoa cha 347.2, nusu kamili. Kidoa hicho kilikuwa hafifu kiasi kwamba wahariri wa jarida walidhani ni uchafu kwenye picha, wakakifuta, na makala ikatoka bila ushahidi wake. Ndani ya leza yako kuna kidayodi cha nanomita 808 kinachoamsha fuwele ya kwanza itoe 1064, kisha fuwele nyingine inageuza 1064 kuwa 532, ile kijani unayoiona.

Atomu zilizo karibu na masafa yao huitikia kwa nguvu kuliko kioo mara nyingi sana, ila zilikuwa zinameza kila kitu. EIT iliondoa kumeza ikaacha mwitikio, na mpigo unaotambaa una muda mrefu wa kuguswa. 2012 watafiti wa Harvard na MIT, wakitumia rubidi ambayo elektroni zake zimepandishwa mbali sana na kiini, walifanya fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, izuie fotoni nyingine kupita pamoja nayo. Huko ndiko fani ilikoelekea: mantiki ya kompyuta za kwanta, na vituo vya kumbukumbu vya kurefusha mawasiliano ya kwanta. Bufa za intaneti, yaani hifadhi za muda za data, zimeachwa nyuma.

Jaribio la nyumbani, basi. Mwanga wa polepole huwezi kuupata kwa chumvi na leza ya sokoni, na sababu ni za wazi. Kijani chako ni 532, atomu ya sodiamu inataka 589, haitagutuka hata kidogo. Ungepata leza ya rangi sahihi, bado masafa yake yatatangatanga maelfu ya mara kupita upana wa dirisha. Na tafadhali usitafute sodiamu yenyewe ya kuchemsha. Hulipuka ikigusa maji na huwaka hewani ikiwa moto.

Lakini kuna kitu unachoweza kukiona. Baadhi ya maabara za shule za A-level zina taa ya sodiamu ya mgandamizo mdogo, ya njano tupu. Mwombe mwalimu aiwashe chumba kikiwa giza, weka mwali wa gesi mbele ya karatasi nyeupe, kisha tia chumvi kwenye mwali. Mwali unaowaka utatupa kivuli cheusi kwenye karatasi, kwa sababu sodiamu ya chumvi inaumeza mwanga wa sodiamu ya taa. Badilisha taa uweke tochi ya kawaida, kivuli kinatoweka. Huo ndio ukuta wa kumeza ambao Harris alitoboa dirisha ndani yake.

Leza yenyewe naiogopa kuliko chumvi. Nyingi za bei nafuu hazina kichujio, kwa hiyo pamoja na kijani zinatoa 808 na 1064 usizoziona, na maandishi ya miliwati 5 kwenye kibandiko si ya kuaminiwa. Mwanga unaoonekana hukufanya upepese jicho. Usioonekana haukushtui, na retina, utando wa nyuma ya jicho, haina maumivu ya kukuonya. Usiielekeze kwenye kioo, sufuria, saa ya mkononi wala mtoto. Kazini vilevile, usichungulie ncha ya faiba kabla ya kuhakikisha laini haina mwanga. Ukiona doa lisiloondoka mbele ya jicho, mistari iliyonyooka ikaonekana imepinda, au uoni ukafifia baada ya kumulikwa, nenda siku hiyo hiyo hospitali yenye kitengo cha macho na uwaambie ni leza ya rangi gani. Dawa ya matone ya dukani haitibu retina.

Na kama unataka kuendelea na masomo haya, Busitema ina kampasi ya sayansi na ualimu Nagongera, si mbali na laini zako za Tororo, na Makerere ina idara ya fizikia. Nenda ana kwa ana, beba OTDR kama mwajiri ataruhusu, na uwaulize kuhusu hesabu ya mawimbi kwanza: jumla ya Fourier (kujumlisha mawimbi ya masafa mbalimbali), kisha utawanyiko, yaani jinsi masafa tofauti yanavyocheleweshwa tofauti. Mambo ya kwanta yafuate baadaye. Ukimaliza digrii ya kwanza, kituo cha ICTP kilichopo Trieste, Italia, huendesha mafunzo ya optiki na huwapokea watu kutoka nchi kama yetu. Fuatilia matangazo yao mapema, maana nafasi hufungwa miezi kadhaa kabla.